Kuhamisha Madai na Mawasiliano ya Bima ya Afya kutoka Karatasi hadi Mfumo wa Kielektroniki: Mwongozo Kamili kwa Vituo vya Tiba

Vituo vingi vya tiba nchini Tanzania vimekwisha kununua kompyuta, vimefungiwa mfumo, na watumishi wake wamepewa majina ya kuingilia. Hata hivyo, mwisho wa mwezi unapofika, chumba cha madai hujaa fomu zile zile, na karani hukesha akinakili kwenye kompyuta yale ambayo daktari aliyaandika kwa kalamu wiki tatu zilizopita. Katika hali hiyo karatasi haijaondoka, bali imeongezewa kazi ya pili.

Chukulia kituo kinachohudumia wagonjwa 40 wa bima kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hayo ni madai 1,040. Karani akitumia dakika 6 kunakili kila dai, anahitaji saa 104, yaani siku 13 za kazi za saa 8, na bado hajajibu hoja hata moja ya mhakiki wa bima. Ndiyo maana vituo vingi vinashindwa katika hatua ile ile, vinachelewesha madai, kisha vinarudi kwenye karatasi vikidai kwamba mfumo ni mbovu.

Mwongozo huu unamlenga mganga mfawidhi, msimamizi wa madai na madaktari wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za kati. Kila hatua inasimama juu ya kanuni moja: taarifa iingizwe mara moja tu, na mtu aliyetoa huduma, wakati ule ule anapoitoa; na jibu la bima limrudie mtu huyo huyo. Mifano mingi ni ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), kwa sababu fomu yake ya madai ya 2A na B inajulikana na karibu kila mtumishi wa afya, lakini hatua zenyewe zinafaa pia kwa mashirika binafsi ya bima. Msomaji aliye Kenya, ambako Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, ataona kwamba sheria na majina ya mifumo yanatofautiana, ila mpangilio wa kazi ni ule ule.

## Mahitaji kabla ya kuanza

Usianze hatua ya kwanza kabla ya kuwa na vitu hivi mkononi:

- Mkataba wa sasa na kila shirika la bima, pamoja na viambatisho vyake vyote vya bei na masharti.
- Kitita cha mafao (orodha ya huduma ambazo bima inazilipia) na orodha ya bei ya kila bima katika lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta lenye safu na mistari, si nakala iliyopigwa picha.
- Mwongozo wa Taifa wa Matibabu pamoja na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, toleo linalotumika sasa.
- Mfumo wa taarifa za hospitali unaoweza kuunganishwa na mfumo wa bima. Vituo vya serikali vingi hutumia GoTHOMIS; kituo binafsi kimwombe mwenye mfumo aoneshe kwa vitendo dai likitoka na jibu likirudi, kabla ya kulipa.
- Kompyuta au kishikwambi kwa kila mahali huduma inapotolewa: mapokezi, kila chumba cha daktari, maabara, famasia, wodi na chumba cha madai. Kompyuta moja inayozungukwa na madaktari watatu ndiyo mwanzo wa kurudi kwenye kalamu.
- Intaneti ya aina mbili kutoka kampuni mbili tofauti, kwa mfano waya wa faiba na modemu yenye laini ya simu.
- Betri za akiba kwa seva, ruta na kompyuta za mapokezi na famasia.
- Skana moja nzuri, na mtumishi mmoja aliyepewa jukumu la kuitunza.
- Namba za usajili za kila mtoa huduma kutoka baraza lake la taaluma, zikiwa hai.

La mwisho hupuuzwa sana. Daktari ambaye leseni yake imekwisha muda anaweza kuandika dawa sahihi kwa mgonjwa sahihi, na dai zima likakataliwa kwa sababu mfumo wa bima haumtambui.

## Hatua ya 1: Fuata safari ya fomu moja

Chukua fomu moja ya mgonjwa wa nje na uifuate kwa miguu tangu inapofunguliwa mapokezi hadi inapofungwa kwenye boksi. Kila mahali inaposimama andika nani ameigusa, ameandika nini, amelitoa wapi neno aliloandika, na fomu imelala hapo muda gani. Fanya hivyo hivyo kwa mgonjwa mmoja aliyelazwa na kwa ombi moja la kibali cha awali, yaani ruhusa ya bima inayoombwa kabla huduma haijatolewa.

Sababu ya kufanya hivi ni kwamba fomu ya 2A na B hubeba kazi za watu wengi kwenye ukurasa mmoja: utambulisho wa mwanachama na namba ya idhini (ile ambayo bima hutoa kadi ikihakikiwa) kutoka mapokezi, ugonjwa wa awali na wa mwisho kutoka kwa daktari, vipimo kutoka maabara, dawa kutoka famasia, na saini ya mgonjwa anapoondoka. Mfumo wa kielektroniki unaigawa kazi hiyo tena kwa wenyewe. Usipojua nani anaandika nini leo, utajikuta umempa karani wa madai jukumu la kuamua ugonjwa wa mgonjwa ambaye hajamwona.

Utajua hatua hii imekamilika ukiwa na karatasi moja yenye mchoro wa safari hiyo, na kila sehemu ya fomu ikiwa na jina la cheo kimoja tu kinachowajibika nayo.

## Hatua ya 2: Andikiana na kila bima kabla ya kubadili chochote

Mpelekee kila mbia wa bima barua rasmi ukiomba mambo manne: majina ya kuingilia katika mfumo wake, mazingira ya majaribio ambayo madai yake hayahesabiki kama madai halisi, maelezo ya namna mifumo inavyounganishwa, na tamko la maandishi kuhusu nyaraka ambazo bado zitahitajika kwa karatasi.

Jambo la nne lina uzito kuliko linavyoonekana. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu na saini za kielektroniki, lakini mkataba wako unaweza bado kudai fomu yenye saini ya mgonjwa kwa wino. Endelea kuichukua saini hiyo, na kuituma kama faili la PDF lililoambatishwa kwenye dai, mpaka bima yenyewe iandike kwamba haihitajiki tena. Maneno ya mdomo ya ofisa wa mkoa, hata akiwa mtu mwema na mwenye uzoefu, hayatakusaidia mbele ya mkaguzi miezi minane baadaye.

## Hatua ya 3: Linganisha orodha zako na orodha za bima

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na hapa ndipo ningekushauri utumie muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote. Mfumo wa kielektroniki hausomi nia ya mtu. Mhakiki wa zamani aliyeona neno lililofupishwa kwenye fomu alilielewa. Kompyuta inatambua msimbo tu.

Tengeneza lahajedwali moja yenye safu hizi: jina la dawa au huduma kama linavyotumika kituoni, jina lake kwenye orodha ya bima, msimbo wa bima, kipimo cha kuhesabia, bei, tarehe bei ilipoanza kutumika, ngazi ya kituo inayoruhusiwa, na kama inahitaji kibali cha awali. Kila bima iwe na ukurasa wake. Usijaribu kuunganisha bima mbili kwenye ukurasa mmoja kwa sababu majina yanafanana.

### Kipimo cha kuhesabia

Tazama mfano wa dawa mseto ya malaria, ALu. Mtu mzima mwenye kilo 35 au zaidi humeza vidonge 4 mara mbili kwa siku kwa siku 3, jumla vidonge 24. Kama orodha ya bima inahesabu bei kwa kidonge, na famasia yako imeandika 1 ikimaanisha dozi moja, utalipwa sehemu moja ya 24 ya haki yako. Kama orodha inahesabu kwa dozi nzima, na famasia imeandika 24, umedai dozi 24 kwa mgonjwa mmoja, na mhakiki ana kila sababu ya kuliona dai hilo kama udanganyifu. Hakuna aliyekusudia kuiba, lakini kwenye kioo cha kompyuta makosa na wizi vina sura moja.

Pitia kwa namna hiyo kila dawa ya maji, kila dripu, kila sindano na kila kifaa tiba. Je, ni mililita au chupa? Je, ni kopo au krimu ya gramu 15? Mfamasia mwenyewe ndiye asaini lahajedwali hili, si fundi wa kompyuta.

### Tarehe ya bei

NHIF ilianza kutumia kitita kipya cha mafao tarehe 1 Machi 2024, na kituo kilichofuta bei za zamani siku hiyo bila kuweka tarehe kilijikuta kinadai huduma za Februari kwa bei za Machi. Kwa hiyo usifute bei; ifungie tarehe ya mwisho, kisha ongeza bei mpya yenye tarehe yake ya kuanza. Mfumo usioweza kubeba bei mbili za huduma moja kwa vipindi viwili haufai kwa kazi ya bima.

### Misimbo ya magonjwa

Bima hutumia misimbo ya ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa. Usiwape madaktari kitabu kizima chenye maelfu ya misimbo na kuwatakia heri. Chukua rejista za MTUHA (vitabu vya kumbukumbu za huduma za kituo) za mwaka uliopita, toa magonjwa 50 au 60 yanayoonekana mara kwa mara kituoni kwako, na uyaweke juu ya orodha ya mfumo: B50 kwa malaria ya falsiparamu, B54 kwa malaria isiyobainishwa aina, J06.9 kwa maambukizi ya njia ya juu ya hewa, N39.0 kwa maambukizi ya njia ya mkojo, I10 kwa shinikizo la damu, E11 kwa kisukari cha aina ya pili, na kadhalika.

Kisha wafundishe madaktari kwamba kila dawa lazima iwe na ugonjwa unaoibeba. Mama mwenye shinikizo la damu na kisukari anakuja kliniki yake ya kila mwezi. Daktari, akiwa na foleni ndefu, anachagua I10 peke yake, kisha anaandika amlodipini na metformini. Dawa zote mbili ni za haki, mgonjwa amezipokea, lakini metformini itakatwa kwa kuwa hakuna E11 kwenye dai. Sekunde tano za kuongeza msimbo wa pili zingeokoa fedha hizo kila mwezi kwa kila mgonjwa wa namna hiyo.

Onyo: msimbo haupaswi kuchaguliwa kwa sababu unalipa. Fomu ya NHIF yenyewe inaonya kwamba taarifa za uongo zinaweza kumfikisha mtu mahakamani, na onyo hilo halipotei kwa sababu ukurasa umekuwa wa kielektroniki. Tena, kumbukumbu ya kielektroniki humtaja aliyeandika kwa jina, tarehe na dakika.

Mafanikio ya hatua hii yanapimika: chukua fomu 100 za mwezi uliopita, zipitishe kwenye mazingira ya majaribio, na uone ni ngapi zinarudi kwa kosa la msimbo, kipimo au bei. Usisonge mbele mpaka zinazorudi zihesabike kwa vidole vya mkono mmoja.

## Hatua ya 4: Uhakiki wa mwanachama ufanyike mlangoni

Mapokezi ahakiki kadi katika mfumo wa bima mgonjwa akiwa amesimama mbele yake, achague aina sahihi ya ziara (ya kawaida, ya dharura, ya rufaa au ya marejeo), na apate namba ya idhini kabla mgonjwa hajaingia kwa daktari. Namba hiyo iingie kwenye mfumo wa kituo yenyewe kwa njia ya kuunganisha mifumo. Pale ambapo muunganiko bado haupo, inakiliwe na kubandikwa, isiandikwe kwa kukariri.

Sababu ni kwamba namba ya idhini ndiyo inayofunga ziara, kadi na dai pamoja. Tarakimu moja ikikosewa, dai linakuwa la mtu asiyekuja. Na mgonjwa aliyetibiwa kabla ya kuhakikiwa, kisha ikabainika kadi yake imefungwa na mwajiri, anakiacha kituo na deni lisilo na mwenyewe.

Mpokezi alinganishe pia sura ya mgonjwa na picha ya kwenye mfumo, kwa upole na bila kumfedhehesha mtu mbele ya foleni. Anayekuja kwa rufaa alete karatasi yake ya rufaa, iskaniwe pale pale.

## Hatua ya 5: Daktari aandike mwenyewe

Nimeona vituo ambavyo kila kitu kimekwenda sawa mpaka kwenye mlango wa daktari, na hapo mambo yote yakasimama. Daktari anaandika kwenye faili la karatasi kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, muuguzi ananakili baadaye, na ugonjwa unageuka njiani.

Tusiwalaumu madaktari haraka. Mara nyingi meza imepangwa hivi kwamba daktari akitazama kompyuta anampa mgonjwa kisogo. Ibadilishe, kioo kikae pembeni ili amwone mgonjwa na kioo kwa pamoja. Mara nyingi mfumo unadai kubofya kurasa saba kwa mgonjwa wa mafua. Mlazimishe mwenye mfumo atengeneze violezo vya magonjwa ya kila siku. Na mara nyingi daktari mwenye umri mkubwa hachapi haraka. Mpe wiki mbili za wagonjwa wachache na msaidizi wa kukaa naye, asiye wa kuandika badala yake bali wa kumwonesha.

Mpangilio wa maandishi uwe huu: malalamiko na historia, uchunguzi wa mwili, ugonjwa wa awali, ombi la kipimo, jibu la kipimo, ugonjwa wa mwisho, kisha dawa. Mpangilio huu una maana kwa sababu mfumo huweka saa kwenye kila tukio. Dai la malaria ambalo dawa imetolewa saa 4:10 na jibu la kipimo cha haraka cha mRDT limeingizwa saa 6:30 linaonesha mgonjwa aliyetibiwa kabla ya kupimwa, hata kama ukweli ni kwamba mtaalamu wa maabara alichelewa tu kuingiza jibu. Kwa hiyo maabara nayo iingize jibu pale linapotoka, si mwisho wa zamu.

Ngazi ya taaluma iheshimiwe. Ada ya kumwona daktari bingwa si sawa na ya daktari wa kawaida, na dawa nyingine haziruhusiwi kuandikwa kwenye ngazi ya zahanati. Mfumo umtambue kila mtumishi kwa cheo chake, na ukatae pale anapovuka mipaka.

Onyo kubwa: nywila haiazimwi. Daktari anayemwachia muuguzi nywila yake amemwachia saini yake, na atajibu kwa kila kilichoandikwa kwa jina lake. Weka utaratibu wa mfumo kujifunga wenyewe baada ya dakika chache bila kutumika.

Ishara ya kufanikiwa ni rahisi kuiona: mgonjwa anapofika dirisha la famasia, dawa zake ziko kwenye kioo cha mfamasia, na mkononi hana karatasi yoyote zaidi ya ile ya kuweka saini.

## Hatua ya 6: Maombi ya vibali vya awali

Hapa mawasiliano kati ya daktari na bima ni ya moja kwa moja, na ndipo mgonjwa anapoumia zaidi yakienda vibaya. Ombi la karatasi lilichukua siku kwa sababu ya safari. Ombi la kielektroniki huchukua siku kwa sababu limeandikwa vibaya na kurudishwa.

Linganisha maombi mawili ya kipimo cha MRI. La kwanza: "Mgonjwa ana maumivu ya goti, naomba MRI." La pili: "Mwanamke, miaka 54, maumivu ya goti la kulia kwa miezi 8, goti linakwama akipanda ngazi. X-ray haioneshi mvunjiko. Ametumia dawa za maumivu na mazoezi ya viungo kwa miezi 3 bila nafuu. Ninashuku kuchanika kwa gegedu la ndani ya goti. Jibu la MRI litaamua kama anahitaji upasuaji." La kwanza litarudi na maswali, la pili linampa daktari wa upande wa bima kila kitu anachohitaji ili aamue, yaani muda wa ugonjwa, kilichokwisha kufanyika, na namna jibu litakavyobadili matibabu.

Tengeneza kiolezo chenye sehemu hizo, na mfumo usikubali kutuma ombi lenye sehemu tupu. Ambatisha majibu ya vipimo kama PDF zinazosomeka. Skani ya nukta 200 kwa inchi inatosha kwa maandishi. Kibali kikitoka, namba yake iingie kwenye dai la huduma ile ile, kwa sababu huduma yenye kibali isiyo na namba ya kibali hukatwa kama isiyo na kibali.

Dharura haisubiri kibali. Mtibu mgonjwa, itaarifu bima kwa njia na muda ulioandikwa kwenye mkataba, na uweke kumbukumbu ya saa uliyotaarifu.

Picha za vyeti na majibu ya wagonjwa zisitumwe kwenye makundi ya WhatsApp, hata kama ofisa wa bima mwenyewe ameomba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na kituo kinachokusanya taarifa hizo kinapaswa kusajiliwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tumia mfumo wa bima, au barua pepe rasmi ya kituo yenye faili lililofungwa kwa nywila, na nywila yenyewe itumwe kwa njia nyingine.

## Hatua ya 7: Endesha njia mbili kwa mwezi mmoja

Anza tarehe 1 ya mwezi, kamwe usianze katikati, kwa sababu madai hufungwa kwa mwezi na mwezi uliogawanyika hauna mtu anayeweza kuulinganisha. Anza na wagonjwa wa nje. Wodi na chumba cha upasuaji vifuate baada ya wagonjwa wa nje kutulia.

Katika mwezi huo fomu za karatasi zinaendelea kujazwa. Kila jioni msimamizi wa madai achague fomu 10 bila kuzichuja na azilinganishe na zilivyo kwenye mfumo: jina, namba ya kadi, namba ya idhini, misimbo, idadi, jumla ya fedha. Tofauti yoyote ipelekwe kwa aliyeandika kesho yake asubuhi. Baada ya wiki mbili utaanza kuona kwamba makosa yana makao yake: zamu fulani, dawa fulani, chumba fulani. Rekebisha hapo.

Madai ya mwezi huo yawasilishwe kwa njia moja tu, ile mliyokubaliana na bima kwa maandishi. Dai lililopelekwa kwa karatasi na pia kwa mfumo ni dai lililorudiwa, na kulieleza ni kazi ngumu kuliko kulizuia.

## Hatua ya 8: Funga siku, usingoje kufunga mwezi

Kabla chumba cha madai hakijafungwa jioni, toa taarifa mbili. Ya kwanza ni ya namba za idhini zisizo na dai: mgonjwa alihakikiwa, kisha huduma yake haikuandikwa. Ya pili ni ya madai yasiyo na namba ya idhini. Taarifa zote mbili zikiwa tupu, siku imefungwa.

Namba za folio, yaani namba za mfululizo za madai, zifuatane bila pengo. Mwezi ukifungwa, tuma, kisha subiri uthibitisho wa kupokelewa na uuhifadhi kwenye folda la mwezi huo. Kuona neno "imetumwa" kwenye mfumo wako si uthibitisho. Uthibitisho ni namba ya mapokezi iliyotoka upande wa bima pamoja na idadi ya madai na jumla ya fedha inayolingana na yako.

## Hatua ya 9: Majibu ya bima yamfikie daktari

Bima inapolipa, huleta pia maelezo ya makato. Katika vituo vingi maelezo hayo yanaishia kwa mhasibu, anayeyaona kama hasara na kuyafunga. Daktari aliyesababisha makato hajui, na mwezi ujao anarudia.

Kila dai liwe katika moja ya hali tatu: limelipwa, limekatwa, au linasubiri. Jumla ya hizo tatu lazima ilingane na ulichowasilisha, hadi shilingi ya mwisho. Kisha makato yapangwe kwa sababu zake: ugonjwa usiobeba dawa, kipimo kisicho na jibu, idadi iliyozidi, kibali kisichoandikwa, mtoa huduma asiyetambuliwa. Mganga mfawidhi akae na madaktari mara moja kwa wiki kwa nusu saa, kila mmoja aoneshwe ya kwake, bila kumwaibisha mbele ya wenzake. Makato mliyostahili yapokelewe na chanzo kirekebishwe. Makato msiyostahili yakatiwe rufaa ndani ya muda wa mkataba, yakiambatishwa ukurasa wa mwongozo wa matibabu unaounga mkono uamuzi wa daktari.

Kazi hii ndiyo faida halisi ya kuacha karatasi. Ukishaona sababu ile ile ya makato ikipungua mwezi hadi mwezi, mawasiliano yamehama kweli.

## Umeme na mtandao vikikatika

Weka mapokezi bahasha yenye fomu chache zenye namba za mfululizo, na uandike nani aliyechukua ipi. Mtandao ukikatika badili laini kwanza. Umeme ukikatika tumia betri. Fomu ni ya mwisho. Taarifa ziingizwe siku hiyo hiyo na aliyetoa huduma, kwa saa halisi ya huduma, na fomu iskaniwe na kuambatishwa.

Nakala rudufu ya seva ichukuliwe kila usiku, moja ibaki kituoni na nyingine nje ya jengo, zote zikiwa zimefungwa kwa nywila. Kila robo mwaka jaribu kurejesha nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine, kwani nakala ambayo haijawahi kufunguliwa huenda haifunguki.

## Kuiondoa karatasi

Ondoa sehemu moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wa zile zilizokaa wiki nne bila tofauti kwenye ulinganisho wa kila jioni. Kwa kawaida fomu ya maabara hutangulia, cheti cha dawa hufuata, na fomu yenye saini ya mgonjwa huwa ya mwisho.

Maboksi ya zamani yasichomwe wala kuuzwa kwa wafunga maandazi. Yapange kwa bima, mwaka, mwezi na namba ya folio, yafungiwe chumba chenye ufunguo na kisichovuja, na yatunzwe kwa muda uliotajwa kwenye mkataba, kwa kuwa mkaguzi wa bima anaweza kuomba fomu ya zamani hata baada ya kituo kuacha kuitumia. Muda huo ukiisha, yateketezwe mbele ya mashahidi wawili na hati ya uteketezaji isainiwe na mganga mfawidhi.